Umepewa majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi? Kwanza jua umepimwa kwa kipimo kipi

Mkunga_Mbagala

Wana jukwaa, habari za leo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nipo chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwenye kituo kimoja cha afya hapa Temeke. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya mambo ninayoyaona mlangoni pale, mama akishatoka na karatasi yake. Mmoja kaandikiwa "chanya", anakaa kwenye benchi na kuanza kupanga nani atawalea watoto. Mwingine kaandikiwa "hasi", anaondoka akiwa na uhakika kwamba habari ya saratani imekwisha maisha yake yote. Wote wawili wameelewa vibaya, na foleni ya asubuhi haitupi nafasi ya kukaa na kila mtu hadi aelewe.

Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika na saratani hii kila mwaka, na ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kinachouma ni kwamba huu ni ugonjwa unaochukua muda mrefu sana kujijenga. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, tangu virusi vinavyoisababisha vikae hadi saratani itokee ni miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila dawa, ni miaka 5 hadi 10. Muda wa kuukamata upo.

Chanzo chake karibu mara zote ni kirusi kinachoitwa HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alikipata ndani ya uvimbe wa saratani hii mwaka 1983, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina zake ni nyingi, lakini mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani, mwanamke na mwanaume. Wengi wetu mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, hatujui hata kama kilipita. Shida ni kwa yule ambaye kinamganda. Seli za mlango wa kizazi zinaanza kubadilika polepole, na mabadiliko hayo, kabla hayajawa saratani, ndiyo tunayoyatafuta.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Vipimo vinavyotumika ni vitatu na kila kimoja kinajibu swali lake. Kipimo cha siki kinauliza: je, kuna kinachoonekana kwa macho? Pap smia inauliza: je, seli zimebadilika? Kipimo cha HPV kinauliza: je, kirusi kipo? "Chanya" ya kimoja siyo "chanya" ya kingine. Ukichukua majibu ya HPV ukayasoma kama ya siki, au ukalinganisha karatasi yako na ya shoga yako aliyepima hospitali nyingine, utajitesa bure.

Kipimo cha siki (VIA)

Hiki ndicho wengi wenu mnafanyiwa kwenye vituo vya serikali, kliniki za CTC (za wanaoishi na VVU), na kwenye kampeni za upimaji. Unalala chali, magoti juu, khanga juu ya mapaja. Tunaingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, taratibu. Ukipumua kwa kinywa na kulegeza makalio haiumi, inabana tu. Tunamulika taa. Mlango wa kizazi unaonekana wa waridi, mviringo, una tundu katikati. Kwa ambaye hajazaa kwa njia ya kawaida tundu ni kitone, kwa aliyezaa ni mstari mdogo. Tunachovya pamba kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, ambayo ndiyo siki yenyewe, tunapaka, halafu tunasubiri dakika moja kamili. Naisisitiza dakika hiyo. Mtoa huduma akipaka na kuchungulia hapo hapo, hajapima.

Kama kuna seli zilizobadilika, zinageuka nyeupe. Na weupe tunaoutafuta siyo weupe wowote: ni mzito, una kingo zinazoonekana wazi, na umegusa ule mstari ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inakutana na ngozi ya ndani. Weupe hafifu uliotawanyika mara nyingi ni uvimbe wa maambukizi ya kawaida au ngozi inayojiponya.

Majibu yake ni matatu. *Hasi*: hatukuona weupe wa namna hiyo. *Chanya*: tumeuona. *Inashukiwa saratani*: tumeona kidonda, kinyama kinachochomoza au kinachovuja damu kikiguswa, na hapo hatutibu, tunakupa rufaa siku hiyo hiyo.

Dada yangu uliyeandikiwa "chanya" kwenye kipimo cha siki, naomba usome hapa mara mbili. Hujaambiwa una saratani. Umeambiwa kuna sehemu inayotiliwa shaka kwamba seli zake zimebadilika. Wengine kati yenu hata mabadiliko hayo hamna, kwa sababu siki inaweza kuonyesha weupe kwa sababu nyingine. Lakini hatukuachi hivyo. Sehemu hiyo inatibiwa, mara nyingi siku ile ile na chumba kile kile. Kuna kugandisha kwa gesi, dakika 3 kugandisha, dakika 5 kuachia, dakika 3 kugandisha tena. Na kuna mashine ndogo ya kuchoma kwa joto la kama nyuzi 100, ambayo kazi yake inaisha chini ya dakika moja kila inapoguswa. Hakuna kulazwa. Utasikia maumivu kama ya hedhi, kisha utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hadi 4. Wiki hizo usishiriki tendo la ndoa. Ikishindikana kabisa, kondomu. Kama sehemu ni kubwa au imeingia ndani ya tundu ambako hatuioni mwisho wake, unapelekwa hospitali kubwa kukatwa kwa waya wa umeme, tunaita LEEP. Baada ya mwaka mmoja unarudi kuangaliwa. Huku kurudi ndiko kunakotupotezea watu. Mtu ametibiwa vizuri, anajisikia mzima, tarehe inapita.

Na aliyeandikiwa "hasi": siki siyo kipimo kikali kuliko vyote. Kinategemea jicho la anayepima na mwanga alionao, na kuna mabadiliko yanayokipita. Ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya miaka 3, na kama unaishi na VVU urudi mapema zaidi, kwa ratiba utakayopewa CTC. Pia kwa mama aliyekwisha koma hedhi siki haifai sana, kwa sababu ule mstari tunaoutazama unakuwa umejivuta ndani ya tundu. Huyo apimwe HPV au pap smia.

Pap smia

Hapa tunachukua seli kwa kijiti au kibrashi, zinapelekwa maabara, na mtaalamu anazitazama kwa hadubini. Jina linatokana na daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi Marekani. Majibu yanachukua siku au wiki, na yanaandikwa kwa herufi zinazotisha. Nazieleza kama zinavyotokea kwenye karatasi.

NILM: hakuna mabadiliko ya hatari. Ukikuta pembeni wameandika kuna fangasi au uvimbe wa maambukizi, hilo ni jambo la kutibu, halihusiani na saratani.

Sampuli haitoshi: seli zilikuwa chache au damu ilizifunika. Halina ubaya wala uzuri. Unarudia baada ya miezi 2 hadi 4.

ASC-US: seli zina kasoro ndogo ambayo haieleweki ni ya nini. Unapimwa HPV, au unarudia pap smia kwa muda utakaoambiwa. Mara nyingi inaishia salama.

LSIL: mabadiliko madogo, kwa kawaida ni dalili kwamba HPV ipo kazini. Kwa wasichana hasa, mengi yanaondoka yenyewe.

ASC-H na HSIL: hapa usisubiri. Mabadiliko ni makubwa, au yanashukiwa kuwa makubwa. Unahitaji kolposkopi, yaani kuangaliwa kwa darubini maalumu, na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima maabara. AGC nayo, ingawa huonekana mara chache, inataka daktari wa wanawake bila kuchelewa, kwa sababu seli hizo zinatoka ndani zaidi.

Kinyama kikipimwa ndipo utasikia CIN 1, CIN 2, CIN 3, yaani madaraja ya mabadiliko kabla ya saratani, kutoka madogo hadi makubwa. CIN 1 kwa kawaida tunaifuatilia tu. CIN 2 na 3 zinatibiwa. Kuna anayeniuliza, "Kama siyo saratani, kwa nini nisiache tu?" Huko Auckland, New Zealand, kuna wanawake waliokutwa na CIN 3 miaka ya 1950 hadi 1970 na baadhi yao hawakutibiwa ipasavyo. Walipokuja kufuatiliwa, karibu 30 kati ya kila 100 wa kundi hilo walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa vizuri, waliopata ni wachache mno. Kwangu mimi hilo limemaliza ubishi.

Kipimo cha HPV

Hiki ndicho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kiwe cha kwanza: kuanzia umri wa miaka 30, kila miaka 5 hadi 10, kwa anayeishi na VVU kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Unapewa kijiti laini, unaingia chooni au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni, unazungusha, unarudisha. Kwa mama anayeona aibu kuvua nguo mbele ya mtu, hii ni nafuu kubwa.

"Hasi" ya HPV ndiyo hasi inayoaminika kuliko zote, na ndiyo maana muda wa kurudia ni mrefu. "Chanya" ya HPV maana yake ni kirusi kipo. Basi. Haijasema kama seli zimebadilika. Unafuata hatua ya pili: siki, pap smia au kolposkopi, ili ijulikane kama kuna cha kutibu. Ukikutwa na namba 16 au 18 unapewa uzito zaidi. Ukiwa chanya kwa HPV lakini hatua ya pili haikuonyesha kitu, unarudia HPV baada ya miezi 24. Anayeishi na VVU baada ya miezi 12. Hakuna kidonge wala sindano ya kuua kirusi chenyewe. Tunachotibu ni sehemu iliyobadilika.

Siku ya kupima, uwe hujashiriki tendo kwa siku mbili, hujaweka dawa ukeni, hujajisafisha kwa ndani, na hauko hedhini. Ukiwa umekuja umevunja moja ya hayo sema tu, tutakupangia siku nyingine.

Ombi langu moja: usitoke chumbani kwetu bila kuandikiwa kwenye karatasi jina la kipimo, majibu, na tarehe ya kurudi. Tukisahau tukumbushe, ni haki yako. Karibuni kwa maswali.

---

Nuru_wa_Tabata

Ubarikiwe dada. Mimi nina miaka 23 na nataka kupima mwezi ujao, hospitali binafsi wananiambia sawa. Nifanye?

Mkunga_Mbagala

Mdogo wangu, kama huna dalili yoyote na huishi na VVU, bado. Umri wako HPV inaingia na kutoka, ukipimwa utakutwa na vitu ambavyo mwili ungeviondoa wenyewe, halafu utatibiwa bila sababu. Anza miaka 30. Ila kama unatoka damu baada ya tendo au katikati ya mwezi, hapo siyo suala la umri, nenda ukaangaliwe.

Kaka_wa_Feri

Samahani naomba niulize kama mwanaume. Mke wangu amepima ameambiwa HPV chanya. Tuko pamoja miaka tisa. Nimekaa kimya siku kadhaa sijui niseme nini. Hii si inatokana na ngono? Basi kuna mtu ametoka nje.

Mkunga_Mbagala

Kaka, nashukuru umeuliza kabla hujasema neno nyumbani. Ni kweli kinaambukizwa kwa kujamiiana. Lakini kipimo hakisemi kiliingia lini wala kimetoka kwa nani. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kisionekane, halafu kikajitokeza kinga ikishuka. Kinaweza kuwa chake cha kabla yako, kinaweza kuwa ulikuja nacho wewe. Wanaume wanakibeba bila dalili, na hatuna kipimo cha kawaida cha kuwapima. Hakuna daktari anayeweza kutumia jibu hilo kuthibitisha kwamba mtu ametoka nje ya ndoa.

Nimeona ndoa zimevunjika kwa karatasi hii. Nimeona na baba aliyesoma herufi haraka haraka akadhani ni HIV. Muulize mkeo hatua ya pili ni lini, umsindikize. Akitibiwa, zile wiki 4 za kupumzika zitakuhusu na wewe.

Kaka_wa_Feri

Nimekuelewa. Ahsante sana.

Bi_Chausiku

Dada mkunga, kuna binti anauza dawa mtandaoni, za kuweka ukeni, anasema zinasafisha kizazi na kuondoa HPV ndani ya wiki mbili. Jirani yangu alikuwa chanya ya siki, hakutibiwa, akatumia hizo, akapima tena ikawa hasi. Je, zinafanya kazi?

Mkunga_Mbagala

Mama, shikamoo. Hazifanyi kazi hiyo. Kilichomtokea jirani kina maelezo mawili. Huenda weupe wa kwanza ulikuwa wa maambukizi ya kawaida na umeisha wenyewe. Au weupe upo na safari ya pili haukuonekana, na hilo ndilo linalonitia hofu. Dawa hizo nyingi zinachubua. Mama anakuja kwetu ngozi ya uke imetoka, inavuja damu, tunashindwa hata kupima mpaka apone. Nakuomba mwambie arudi pale alipopima mara ya kwanza, aeleze yote, hakuna atakayemgombeza. Kama wanacho kipimo cha HPV, apimwe hicho.

Mama_Sabra_Kigamboni

Mimi naishi na VVU, natumia dawa vizuri, virusi havionekani. CTC kila mara wananisukuma nipime mlango wa kizazi. Kuna haja kweli?

Mkunga_Mbagala

Ipo dada, na wanakusukuma kwa nia njema. Anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii kama mara sita ya asiye navyo. Dawa zako zinakusaidia sana, kinga ikiwa juu mwili unapambana na HPV vizuri zaidi, ila hazifuti hatari yote. Pima siku ile ile unayokwenda kuchukua dawa, usipange safari nyingine.

Nuru_wa_Tabata

Na hii chanjo ya wasichana mashuleni, mdogo wangu wa darasa la tano ameletewa fomu. Mama anasita, kasikia inafunga kizazi.

Mkunga_Mbagala

Haifungi kizazi. Inamkinga na aina hatari zaidi za HPV, na inafanya kazi vizuri ikitolewa kabla hajaanza kujamiiana, ndiyo sababu ya umri huo. Hapa nchini ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwambie mama asaini. Akifika miaka 30 bado atapima, kwa sababu chanjo haikingi aina zote.

Mjukuu_wa_Mtoni

Nimesoma uzi wote. Mama yangu ana miaka 58, alikoma hedhi zamani, sasa anatokwa na damu kidogo kidogo na uchafu wenye harufu, mgongo unamuuma. Alipima siki kwenye kampeni miaka minne iliyopita ilikuwa hasi, kwa hiyo anasema ni uzee tu. Nimpeleke kwenu akapime tena siki?

Mkunga_Mbagala

Hapana ndugu yangu, usimlete kwenye siki. Vipimo vyote nilivyoeleza ni vya mtu asiye na dalili. Mama ana dalili, anahitaji kuangaliwa na daktari wa wanawake na kuchukuliwa kinyama, na ile hasi ya miaka minne iliyopita isiwazuie, hasa kwa umri aliokuwa nao. Damu baada ya kukoma hedhi huwa haiachwi bila kutafutiwa sababu. Inaweza isiwe saratani. Ikiwa ndiyo, kuna upasuaji na kuna mionzi, na kila wiki mnayowahi inaongeza nafasi yake.

Mpeleke wiki hii: Temeke, Amana au Mwananyamala, popote palipo karibu, wao watamwandikia rufaa ya Muhimbili au Ocean Road ikihitajika. Mkifika mapokezi msiseme "amekuja kupima", mtawekwa kwenye foleni ya uchunguzi wa kawaida. Semeni, "Alikoma hedhi na sasa anatoka damu." Na nenda naye mpaka ndani, maana akiulizwa peke yake atasema ni mgongo tu.

Mjukuu_wa_Mtoni

Kesho asubuhi tunakwenda Temeke. Nitaleta mrejesho hapa.